Metro ya Guangzhou kwa mgeni wa siku ya kwanza: nyota 4, na sababu ya kukata moja

Mgeni anayetua Guangzhou kwa mara ya kwanza huwa na maswali mawili kabla hata begi lake halijatokea kwenye mkanda: nafikaje mjini, na nalipaje? Yote mawili yanajibiwa chini ya jengo la uwanja wa ndege wa Baiyun, kwenye kituo cha metro. Huduma hii ilianza mwaka 1997 na kipande kifupi cha njia namba 1. Leo ina reli ya zaidi ya kilomita 600 na hubeba zaidi ya abiria milioni 8 kwa siku, katika jiji lenye watu zaidi ya milioni 18. Chukua Dar es Salaam, ongeza Nairobi, bado hujafika.

Guangzhou si jiji geni kwa Waswahili. Wafanyabiashara wa Kariakoo na Eastleigh wamelizoea kwa nguo, vipuri, simu na mapambo, na ndege za moja kwa moja zipo. Lakini wengi hupokewa na mwenyeji, hupakiwa kwenye gari, hununua, hufunga mzigo na kurudi nyumbani wakiijua Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika, peke yake. Hapa tunaipima metro kwa kazi moja tu: kumzungusha mtu asiyejua neno la Kichina sehemu tano za jiji ndani ya siku moja, bila mkalimani na bila teksi. Kazi hiyo inaiweza. Nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na njia namba 3, na tutafika huko.

Nauli na namna ya kulipa

Nauli huenda kwa umbali. Kilomita 4 za kwanza ni yuani 2. Kutoka hapo hadi kilomita 12 unaongeza yuani 1 kwa kila kilomita 4. Kati ya 12 na 24, yuani 1 kwa kila kilomita 6. Ukipita 24, yuani 1 kwa kila kilomita 8. Maana yake ni kwamba safari ndefu ndiyo yenye nafuu. Kilomita 30 kutoka uwanja wa ndege ni yuani 7. Teksi kwa umbali huo huo huanza na yuani 12 kwa kilomita 3 za mwanzo, kisha 2.6 kwa kila kilomita, na ukifika mjini mita imeshapita 80. Wale wapiga debe wanaokufuata kwenye ukumbi wa kuwasili hawana habari na mita. Hao waache.

Ukilipa kwa pesa taslimu, unapata tokeni: kisahani cha plastiki cha duara, ukubwa wa sarafu, chenye chipu ndani. Mashine ya kuuzia ina kitufe cha Kiingereza. Unagusa njia, unagusa kituo unakokwenda, unachagua idadi ya watu, unaingiza pesa. Hapa ndipo wageni wengi hukwama, kwa sababu benki na maduka ya kubadilishia fedha hutoa noti za yuani 100, na mashine inataka noti ndogo za 5 na 10 au sarafu za yuani 1. Omba chenji mapema, ukiwa bado uwanja wa ndege, au nenda kwenye dirisha la huduma kwa wateja lililo karibu na mageti.

Tokeni ina tabia moja ya kukumbuka. Kuingia unaigusisha juu ya geti na kuichukua tena. Kutoka unaitumbukiza kwenye tundu na geti linaimeza. Anayeigeuza hesabu hii na kutafuta tundu wakati wa kuingia husimamisha foleni nzima nyuma yake. Na usiichanganye mfukoni na sarafu. Ukiipoteza ndani utalipa upya dirishani kabla ya kutoka. Ukipitiliza kituo ulicholipia si balaa: dirisha hilo hilo unaongeza tofauti ya nauli, unatoka. Tokeni ni ya siku hiyo hiyo, kwa hiyo kununua za kesho leo ni kutupa pesa.

Njia bora ni simu. Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, inakubali kadi za Visa na Mastercard za nje ya China, na ndani yake kuna sehemu ya usafiri: unachagua Guangzhou, unachagua metro, unapata msimbo wa QR wa kuingilia. Nauli hukatwa ukishatoka, kulingana na ulikoshukia. Malipo yaliyo chini ya yuani 200 hayana makato ya ziada ya Alipay kwa kadi ya kigeni. Yakizidi hapo kuna asilimia 3, jambo linalomhusu mnunuzi wa jumla zaidi kuliko abiria wa metro.

Yote haya yafanyike ukiwa nyumbani. Si kwa ajili ya starehe. Kwanza, namba ya uthibitisho huja kwa ujumbe mfupi kwenye laini yako ya Tanzania au Kenya, na laini isiyofunguliwa roaming haiupokei. Pili, kadi nyingi za benki zetu hufungiwa malipo ya mtandaoni au ya nje mpaka mwenye kadi aombe. Tatu ni saa. Guangzhou iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa 5. Kadi ikikataliwa saa 4 asubuhi kule, Dar ni saa 11 alfajiri na benki haijafungua mlango. Utasubiri mpaka mchana ndipo mtu wa tawi lako apokee simu. Kwa hiyo unganisha kadi, piga picha pasipoti ndani ya programu, kisha lipia kitu kidogo ukiweza, kabla ya safari. Hata hivyo beba yuani taslimu, 200 au 300 za noti ndogo. Programu ikigoma, metro bado itakupokea.

Msimbo wa QR nao una masharti yake. Picha ya skrini haifai, maana msimbo hujibadilisha kila baada ya muda mfupi. Simu moja ni mtu mmoja: huwezi kumpitisha mwenzio kisha ukajipitisha mwenyewe. Ongeza mwanga wa skrini, iweke juu ya kioo cha geti bila kuisogezasogeza. Na kikubwa zaidi: uliyeingia kwa simu hutoka kwa simu. Chaji ikiisha ukiwa chini, nenda dirishani ueleze ulikopandia, ulipe taslimu. Kwenye maduka na stesheni kuna vibanda vya kukodi betri za kuchajia, ila navyo hufunguliwa kwa QR, yaani kwa simu ambayo bado ina uhai. Azima mapema.

Pasi ya siku moja ipo, yuani 20, na ya siku tatu yuani 50. Inasikika kama bei ya kutupa. Tutaipigia hesabu baada ya kuzunguka.

Kutoka uwanja wa ndege

Uwanja una vituo viwili vya metro kwenye njia namba 3: Airport South kwa jengo namba 1 na Airport North kwa jengo namba 2. Ukianza Airport North, kituo cha kwanza cha njia, nafasi ya kukaa ni ya uhakika zaidi.

Kwa anayekwenda Xiaobei, kosa la kawaida ni kubaki kwenye njia namba 3 mpaka katikati ya jiji kisha kurudi nyuma. Shuka Jiahewanggang, kituo cha tano kutoka Airport North, uingie njia namba 2 ya kwenda kusini. Hesabu vituo vinane hadi Guangzhou Railway Station, hamia njia namba 5, na kituo kimoja tu baadaye uko Xiaobei. Treni tatu, yuani 7 hivi, chini ya saa moja na nusu hata ukipotea mara moja. Jiahewanggang ina umaarufu wa pembeni: kwa vijana wa jiji hili ni kituo cha kuagana wapendanao, kwa sababu mmoja hushika njia namba 3 kwenda kwenye ndege na mwingine njia namba 2 kwenda kwenye treni za mikoani. Ukiona mtu analia kwenye ngazi za umeme, mpishe tu.

Majina ndiyo mtego wa pili. Guangzhou ina stesheni kubwa nne za treni za mbali: Guangzhou, Guangzhou East, Guangzhou South na Guangzhou Baiyun, iliyofunguliwa Desemba 2023. Hazikaribiani. South iko mwisho kabisa wa njia namba 2 upande wa Panyu, na anayeichanganya na ile ya mjini hupoteza saa nzima na treni yake. Baiyun nayo ni jina la wilaya: kuna Baiyun Park na Baiyun Culture Square, na hakuna ndege hata moja kwenye vituo hivyo. Halafu kuna vituo viwili ambavyo kwa herufi za Kilatini mgeni hawezi kuvitofautisha, Xiaogang cha njia namba 2 kilichoko kaskazini (萧岗) na Xiaogang cha njia namba 8 kusini mwa mto (晓港). Dawa ni kuhifadhi kwenye simu jina la kila kituo unachokwenda likiwa limeandikwa kwa Kichina. Linakusaidia pia usiku, pale dereva wa teksi anapokutazama tu ukimtajia jina.

Ukaguzi upo kwenye kila kituo. Begi linapita kwenye mashine ya eksirei, chupa ya maji huweza kuombwa uionyeshe au uinywe kidogo. Kisu, hata kile kidogo cha matunda, kiache hotelini. Foleni haichelewi, sekunde chache, lakini ukibadilisha safari mara sita kwa siku kwa kutoka na kuingia, utavua begi mara sita. Pasipoti iwe mwilini. Sheria ya China inamtaka mgeni wa miaka 16 na zaidi aibebe, na maeneo ya Xiaobei na Sanyuanli askari huiulizia kuliko kwingine.

Lango la kutokea, somo ambalo ramani haikufundishi

Hapa tunakaa kidogo, kwa sababu ndipo siku ya kwanza inapoharibika. Kushuka kituo sahihi ni nusu ya kazi. Kila kituo kina malango yenye herufi, A, B, C, D na kuendelea, mara nyingine na namba juu yake, B1, B2. Lango A na lango D vinaweza kuachana mamia ya mita, na barabara iliyo juu ikawa ya magari sita au nane kwa upana, ina uzio katikati na haina pa kuvukia isipokuwa daraja la juu. Uliyetokea upande usio wako unaliona duka unalolitaka ng'ambo, na unatembea robo saa kulifikia.

Kwa hiyo herufi ya lango itafute kabla ya kupita geti la kutokea. Ukutani pana bango lenye orodha ya mitaa na majengo chini ya kila herufi. Kwenye simu tumia Amap, programu ya ramani ya Kichina, ambayo inakutajia lango moja kwa moja. Mwenye iPhone atatosheka na ramani ya Apple. Ramani ya Google iache. Imefungiwa, na hata ukiifungua kwa roaming, nukta yako huonekana mamia ya mita pembeni, kwa sababu ramani za China hutumia mfumo wa namba za mahali uliosogezwa kwa makusudi. WhatsApp nayo itafanya kazi kwa data ya roaming ya laini ya nyumbani, maana data hiyo inapitia kwa kampuni yako. Kwa Wi-Fi ya hoteli au laini ya China itanyamaza.

Alama za ndani ni nzuri kupita matarajio. Kila njia ina rangi yake, mishale iko sakafuni na juu, matangazo ndani ya behewa hutolewa kwa Kimandarini, Kikantoni na Kiingereza. Kwenye jukwaa soma jina la kituo cha mwisho ndipo uchague upande, kama unavyosoma kibao cha daladala. Gongyuanqian, zinapokutana njia namba 1 na namba 2, milango hufunguka pande zote mbili za treni: upande mmoja wa kushukia, mwingine wa kupandia. Fuata wanaoshuka, ukienda upande wa wanaopanda utapigwa vikumbo bila mtu kukukusudia ubaya.

Siku yenyewe

Anzia Xiaobei, si kwa uzuri wake bali kwa urahisi. Kituo kiko chini ya barabara ya Huanshi, na jengo la Tianxiu, linalojulikana na kila mfanyabiashara wa Kiafrika, liko jirani. Kiswahili utakisikia bila kukitafuta. Chakula cha halali kipo kwa wingi. Alama ya kuitambua ni herufi 清真, mara nyingi kwa rangi ya kijani. Migahawa ya tambi za kuvutwa kwa mkono inayoendeshwa na Waislamu wa kaskazini-magharibi ndiyo kifungua kinywa cha bei nafuu. Kula hapo hapo. Ndani ya treni ni marufuku kula, na ni marufuku pia kufungulia simu sauti bila spika za masikioni.

Kutoka Xiaobei rudi kituo kimoja hadi Guangzhou Railway Station, shika njia namba 2 vituo vitatu hadi Gongyuanqian, kisha njia namba 1 kituo kimoja hadi Ximenkou. Yuani 3. Kutembea kidogo kutoka hapo kuna msikiti wa Huaisheng, mmojawapo wa misikiti ya kale kabisa nchini China, wenye mnara mweupe wa mita 36 uliokaa kama mshumaa. Simulizi za Waislamu wa jiji zinaunasibisha na sahaba Saad bin Abi Waqqas, na kaburi linalosemwa kuwa lake liko kwenye eneo la msikiti wa Xianxian, karibu na Guangzhou Railway Station. Wanahistoria hawakubaliani juu ya hilo. Ijumaa misikiti yote miwili hufurika, na adhuhuri yake usiipange kwa matembezi bali kwa sala.

Njia namba 1 tena, vituo vitatu kutoka Ximenkou, ni Huangsha. Njiani unapita Chen Clan Academy, jumba la ukoo lililokamilika mwaka 1894, lenye michongo ya mbao na kauri hadi kwenye paa. Mwenye saa moja ya ziada ashuke. Huangsha ndiko kwenye daraja la miguu la kuingilia Shamian, kisiwa kidogo cha majengo ya kikoloni ya Waingereza na Wafaransa, miti mikubwa na vivuli. Hapa metro haikusaidii chochote, ni kutembea, na baada ya soko na mageti miguu inashukuru kivuli.

Kutoka Huangsha njia namba 6, vituo viwili, ni Yide Lu. Angalia: treni za njia hii zina mabehewa 4 tu, wakati majukwaa ya njia nyingine yamekuzoesha 6. Waliosimama mwisho wa jukwaa huishia kukimbia treni ikifika. Yide Lu inajitambulisha kwa pua. Harufu ya kamba wakavu na samaki wa chumvi inakupokea kabla ya jua, kisha yanafuata maduka ya vinyago vya watoto, mapambo ya sherehe na vifaa vya ofisini, ghorofa juu ya ghorofa. Bei uliyotajiwa ni ya pisi moja au ya katoni? Uliza hilo kwanza, kwa kikokotoo cha simu, kabla ya kufurahi. Kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, lililojengwa kwa mawe ya granaiti kati ya 1863 na 1888, liko jirani na ni mahali pa kupumzika masikio.

Mwenye shabaha ya nguo ajue kwamba masoko ya jumla ya Shisanhang, karibu na kituo cha Cultural Park, ni ya asubuhi sana. Mchana wanafunga mizigo. Ukipangilia kuanza na utalii kisha nguo, utakuta mabango na watu wa mikokoteni.

Jioni ni ya Canton Tower, mnara wa mita 600 uliofunguliwa mwaka 2010. Ramani nyingi zitakupeleka kwa kupitia kituo cha Tiyu Xilu. Jioni ya siku ya kazi usiende huko, sababu inakuja. Toka Yide Lu kituo kimoja hadi Haizhu Square, njia namba 2 vituo vitatu hadi Changgang, njia namba 8 vituo vinne hadi Kecun, kisha njia namba 3 kituo kimoja tu hadi Canton Tower. Yuani 4 hivi. Kupanda juu ya mnara ni ghali, na kwa maoni yetu mnara unapendeza zaidi ukiwa nje yake. Panda kile kitreni kisicho na dereva, APM, kutoka hapo mnarani: kinavuka chini ya mto hadi Haixinsha, palipofanyika ufunguzi wa Michezo ya Asia ya 2010, kwa yuani 2. Ukitokea upande huo unauona mnara wote na taa zake, bure.

Kurudi Xiaobei kutoka kituo cha Canton Tower ni njia namba 3 kituo kimoja hadi Zhujiang New Town, halafu njia namba 5 vituo sita. Yuani 4.

Sasa hesabu ya pasi. Kutoka uwanja wa ndege 7, hadi Ximenkou 3, Huangsha 2 au 3, Yide Lu 2, Canton Tower 4, APM 2, kurudi 4. Jumla ni yuani 24 au 25 kwa siku iliyojaa kweli kweli, na pasi ni 20. Ukiianza uwanjani na ukazunguka hivi, umeokoa bei ya chupa mbili za maji. Ukifika jioni, au ukakaa nusu siku soko moja, umeliwa. Wengi hawaihitaji, ya siku tatu hata kidogo, isipokuwa kwa anayelala mbali na mjini.

Njia namba 3

Wenyeji wana utani juu ya kituo cha Tiyu Xilu: wanabadilisha matamshi kidogo, kinakuwa "barabara ya jehanamu, magharibi". Sababu ni ya kiufundi. Njia namba 3 ina umbo la Y, na matawi yake mawili ya kaskazini, la uwanja wa ndege na la Tianhe, yanakutana hapo. Kwa kawaida treni za uwanja wa ndege huishia Tiyu Xilu, na abiria wote wanaoendelea kusini hushuka na kupanda nyingine. Hapo hapo njia namba 1 inapita. Ilipofunguliwa miaka ya 2000 njia hii ilipewa treni za mabehewa 3; leo ni 6, lakini ni membamba kuliko ya njia namba 2, na jiji limekua kuliko yote hayo.

Kati ya saa 1:30 na 3:30 asubuhi, na tena kati ya saa 11:30 na 1:30 usiku, watumishi hupanga foleni kwa vizuizi kwenye jukwaa na treni ya kwanza hukuacha. Ya pili pia huenda ikakuacha. Aliyepanda Mbagala saa 12 jioni hatashangazwa na msukumano wenyewe. Atakachokosa ni dirisha. Mwenye sanduku kubwa asijaribu kabisa saa hizo. Kama ndege yako ya kuondoka iko usiku, toka mjini kabla ya saa 11 jioni, au pitia njia namba 2 hadi Jiahewanggang, ambako angalau unakwepa katikati.

Jambo la pili tunalolikatia alama ni mizigo. Metro ni ya mtu na begi lake. Sampuli za nguo, viatu jozi mbili, sawa. Gunia la kilo nyingi halipiti kirahisi kwenye mashine ya ukaguzi, ngazi zipo, na lifti huwa upande mmoja tu wa kituo, mara nyingi si upande wako. Mzigo mwachie wakala wa kontena aupokee dukani. Vyoo vipo vituoni, ni vya kuchuchumaa, na karatasi uje nayo.

Halafu saa. Treni huanza karibu saa 12 asubuhi na za mwisho huondoka karibu saa 5 usiku, kila kituo na dakika zake, zimebandikwa jukwaani kwa mfumo wa saa 24. Wa kwetu akisoma 23:00 ajikumbushe ni saa 5, asije akadhani ana muda. Na saa hiyo ni ya treni ya njia moja: mwenye kubadilisha treni mara mbili anaweza kuipata ya kwanza na kukuta ya pili imeshaondoka. Kwa safari ya kurudi yenye mabadiliko, uwe ndani ya geti saa 4 usiku. Ukichelewa, fungua Didi, huduma ya kuita teksi, ndani ya Alipay, weka jina la hoteli kwa Kichina, na usimame lango lenye herufi uliyomtajia dereva.